Barua ya wazi kwa wasimamizi wa Stone House, Deep River: hadithi ya pembe ianzie Unyanyembe

Kwa Chama cha Historia cha Deep River, Connecticut, Marekani,
Kwa uongozi wa mji wa Deep River,
Nakala kwa wanaosimamia makumbusho na mambo ya kale, Tanzania Bara na Zanzibar.

Waheshimiwa,

Salamu nyingi. Nakala ya Kiingereza nimewatumia kwa posta. Hii ya Kiswahili naiweka wazi, kwa sababu jambo lenyewe linawahusu Wanyamwezi, Wamanyema, watu wa mwambao na wa visiwani, na hao nao wana haki ya kusikia ninachowaombea.

Mimi ni mzaliwa wa Tabora, na kwa sasa makazi yangu ni katika jimbo lenu. Naandika kuhusu nyumba moja tu, ile ya mawe iliyopo Main Street, mnayoitunza kwa niaba ya mji. Nyumba hiyo naipenda. Ombi langu ni kwamba historia yake isimuliwe mpaka kwenye mzizi, na mzizi wake mmoja uko kwetu.

Shemasi Ezra Southworth aliijenga mwaka 1840 kwa mawe ya itale. Malkia Victoria alikuwa na miaka mitatu tu kwenye kiti. Kweli, hakuwatawala watu wa Connecticut, lakini nyumba za zama zake zinaitwa kwa jina lake hata kwenu, na Stone House ilipoongezewa sehemu ya mbao na baraza pana karne ile ikielekea mwisho, ilipata sura ambayo Mmarekani yeyote ataitambua kuwa ya wakati huo. Mwaka 1946 Ada Southworth Munson, mjukuu wa Shemasi, aliwaachia ninyi. Tangu hapo imekuwa nyumba ya mji mzima, na humo ndani mji umehifadhi kumbukumbu za kazi iliyoulisha kwa zaidi ya karne: kukata pembe za ndovu.

Sasa tazameni mwaka ule ule wa 1840. Tarehe 30 Aprili, merikebu iitwayo Sultana, mali ya Sayyid Said bin Sultan, iliingia bandari ya New York ikitokea Unguja. Mjumbe wake alikuwa Ahmad bin Naaman. Walipakia tende, kahawa, karafuu, ngozi na pembe za ndovu, pamoja na zawadi kwa Rais Martin Van Buren. Watu wa New York walifurika kumtazama Ahmad na kilemba chake, na mchoraji akamchora picha iliyopo mpaka leo. Miaka saba kabla yake, mwaka 1833, Edmund Roberts alikuwa amekwisha kutia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said. Na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akafika Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, miaka kadhaa kabla Waingereza hawajaweka wa kwao. Kwa hiyo Shemasi Southworth alipokuwa akipandisha kuta zake, njia kati ya pwani yenu na pwani yetu ilikuwa imefunguka tayari, na pembe zilikuwa zikipita humo.

Pembe hizo zilifuata nini katika kijiji cha mtoni? Ninyi mnajua kuliko mimi, ila wasomaji wenzangu wengi hawajui, basi nivumilieni. Watu wa bonde la mto Connecticut walianza na vitana. Phineas Pratt alibuni mashine ya kukatia meno ya vitana vya pembe tangu mwisho wa karne ya 18, na familia za Pratt na Read zikaijenga kazi hiyo. Kisha ikaja piano. Katika zama za Victoria, familia iliyojiona imefika ilitaka piano sebuleni, na piano ilitaka vitufe 52 vyeupe, kila kimoja kikiwa kimefunikwa kwa vipande viwili vyembamba vya pembe, kichwa na mkia. Mwaka 1863 ilisimama kampuni ya Pratt, Read hapo Deep River. Jirani tu, kwenye kijiji kilichopewa jina la Ivoryton kwa ajili ya kazi hiyo hiyo, ilikuwepo Comstock, Cheney. Pembe laini ya Afrika Mashariki, inayokatika bila kupasuka na kugeuka nyeupe bila madoa, ndiyo iliyotafutwa kuliko zote, na soko lake kubwa lilikuwa Unguja. George Cheney mwenyewe aliishi Unguja katikati ya karne ya 19 kama wakala wa biashara kabla hajarudi Marekani kuwa mshirika wa kiwanda. Fikirini hilo: mwenye kiwanda wa kijiji cha Connecticut aliyezijua ngazi za forodha ya Unguja, aliyepima pembe kwa frasila mbele ya Wahindi wenye mitaji na Waarabu waliorudi kutoka bara.

Vipande vilipokatwa, vilipaukishwa kwa dawa, kisha vikapangwa kwenye nyumba ndefu za vioo zilizoelekezwa jua la kusini, vikakaa huko kwa wiki kadhaa. Wanawake wenye macho makali walichagua vinavyofanana mshipa, ili kinanda kimoja kivae ngozi moja. Ni ufundi wa kweli, na sikuja kuudharau. Kiwanda cha Deep River kiliungua mwaka 1881, kikajengwa upya, na jengo lile lingali limesimama. Leo watu wanaishi ndani yake.

Hapo ndipo penye upande wenu wa njia. Naomba ukutani mwa nyumba yenu uwepo na upande wetu, kwa urefu unaostahili.

Upande wetu unaanzia porini kwa mwindaji, huko Manyema (mashariki mwa Kongo ya leo), Ukonongo au Urori. Kisha pembe inafika Unyanyembe, penye Tabora ya leo, ambako wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamejenga tembe na kupanda miembe. Kutoka hapo hadi Bagamoyo ni mwendo wa miezi, kwa miguu tu, kwa kuwa ndorobo waliua wanyama wa kubeba mizigo. Pembe ya kawaida ilikaa begani mwa mtu mmoja. Iliyokuwa nzito mno ilifungwa kwenye mti, ikabebwa na wawili. Richard Burton, aliyepita njia hiyo mwaka 1857, aliandika kwamba wabeba pembe walikuwa wateule wa msafara, na kwamba walifunga kengele ya ng'ombe kwenye ncha ili mlio uende nao. Walivuka Mgunda Mkali, nyika isiyo na maji ya kutegemea. Walilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, Ugogo. Wengine walikufa kwa ndui, wengine kwa njaa msafara ulipokosa posho, na vita vilipozuka njia ilifungwa kabisa, kama mwaka 1871 Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi, alipowabana Waarabu wa Unyanyembe. Siku hizo bei ya pembe ilipanda Unguja, na naamini hata makarani wa Deep River waliisikia vita ya Mirambo vitabuni mwao, bila kumjua Mirambo ni nani.

Nawasihi mlieleze jambo moja kwa uangalifu, maana hata kwetu hukosewa. Wapagazi wengi wa njia ya kati walikuwa watu huru, Wanyamwezi waliokubaliana ujira na kupokea nguo na shanga, na kijana ambaye hajaiona pwani hakuhesabika mbele ya wenzake. Kuwaita wote watumwa ni kuwanyang'anya kazi yao na fahari yao. Lakini utumwa ulikuwepo, na ulitembea pamoja na pembe. Huko Manyema misafara ya watu wa pwani ilichoma vijiji na kuteka watu ili kupata pembe kwa bei rahisi, au bila bei. Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe ukingoni mwa mto Lualaba, watu wa wafanyabiashara waliwafyatulia risasi wanawake na wauza soko. David Livingstone alikuwepo, na kwa hesabu aliyoipata waliokufa walikuwa mamia. Wafanyabiashara hao walikuwa ndugu zetu, Waswahili na Waarabu wa pwani. Hamed bin Muhammed el Murjebi, tunayemjua zaidi kwa jina la Tippu Tip, alisimulia mwenyewe maisha yake kwa Kiswahili, vita na pembe zikifuatana ukurasa hadi ukurasa. Sitawaomba ninyi myabebe peke yenu yaliyofanywa na mababu zangu.

Nikija kwenye jambo linaloniuma kuliko yote katika historia ya mji wenu, ni la Shemasi George Read. Huyu alikuwa mwenye kazi ya pembe, na tena mpinga utumwa. Kijana aitwaye Daniel Fisher alipotoroka utumwa wa Kusini akaelekezwa Deep River, Read alimpokea. Daniel akachukua jina la William Winters, akaishi kwenu mpaka uzeeni, na barabara moja ya mji ina jina lake. Ni tendo la ujasiri, lingeweza kumfikisha Read mahakamani, na mna kila sababu ya kulitukuza. Na mtu huyo huyo aliishi kwa kukata pembe ambazo nyingine zilitoka mikononi mwa wateka watu. Sina hamu ya kumwita mnafiki. Nadhani alikiona kilichofika mlangoni kwake kwa miguu, na hakukiona kilichofika mlangoni kwake kwa meli.

Hata hivyo kamba haikukatika hapo. Pembe ilinunuliwa Unguja kwa nini? Kwa baruti na waya wa shaba, ndiyo, lakini zaidi kwa nguo, na nguo iliyopendwa kuliko zote miongo hiyo ilikuwa merikani, kitambaa kizito kilichofumwa na viwanda vya New England. Pamba ya viwanda hivyo ilitoka Kusini. Iliokotwa na watu kama Daniel Fisher. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861 na pamba ikakatika, merikani iliadimika mpaka kwetu, na nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi yake. Basi mtumwa wa Carolina aliokota pamba, pamba ikawa nguo, nguo ikabebwa na Mnyamwezi hadi bara, ikabadilishwa kwa pembe, pembe ikarudi Deep River, ikawa kitufe cha piano, na mtoto wa shemasi akajifunzia juu yake nyimbo za kanisani. Sijui mji mwingine wenye ukubwa wa Deep River ambao unaweza kuyaeleza hayo yote chini ya paa moja. Ninyi mnaweza, na mnayo nyumba.

Naomba hivi. Katika chumba mnachoonyeshea kazi ya pembe, wekeni ramani kubwa ya njia nzima: Kasongo, Nyangwe, Ujiji, Tabora, Bagamoyo, Unguja, kisha bahari, kisha New York, kisha gati lenu la mtoni. Maelezo yaandikwe kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, kwa herufi zenye ukubwa ule ule. Neno mpagazi liwepo. Jina la Mirambo liwepo, la Tippu Tip liwepo, na la Nyangwe pamoja na tarehe yake. Hadithi ya Read na Winters isimuliwe ukuta huo huo ilipo ramani, isitengwe chumba kingine, maana mkizitenganisha mgeni atatoka akidhani ni hadithi mbili.

Uongozi wa mji nao nina ombi kwake: watoto wa shule za hapo wapelekwe kwenye nyumba hiyo na wafundishwe njia nzima. Mnajua katika jimbo lenu wapo watoto wanaozungumza Kiswahili nyumbani? Wapo wa Watanzania na Wakenya, na wapo wengi waliotoka Kongo na Burundi kama wakimbizi. Mtoto wa familia iliyotoka Maniema anasema Kiswahili kwa sababu misafara ya pembe ndiyo iliyokifikisha lugha hiyo kwao. Lugha yake na vitufe vya piano mlivyonavyo vilipita njia moja, kwa miaka ile ile, mara nyingine kwa watu wale wale. Mtoto huyo akiingia Stone House na kukuta sentensi moja anayoweza kumsomea bibi yake kwa simu, atakuwa amefika mahali panapomhusu.

Nategemea baadhi yenu watasema kwamba nyumba ya Shemasi Southworth ni nyumba ya familia, na si haki kuibebesha Manyema yote. Nimelifikiria hilo kwa heshima. Kama mngekuwa mmeiacha nyumba ionyeshe vitanda, vyombo na picha za familia tu, ningenyamaza. Lakini mji wenyewe ulichagua kuweka ndani yake kumbukumbu za pembe, na kwa haki kabisa, kwa sababu bila pembe Deep River isingekuwa Deep River. Pembe ikishaingia ndani ya nyumba, huwezi kumwambia aliyeibeba asubiri nje. Wengine watauliza kuhusu gharama. Ramani, mbao chache za maelezo na muda wa wafasiri havihitaji mfadhili mkubwa. Wafasiri tupo, tutafanya bila malipo, na tutawaleta wazee wetu waisome kabla haijachapwa.

Kuna watakaohofia kwamba habari za utumwa na za ndovu kuuawa zitawafanya wageni waone haya kwa ajili ya mababu wa mji. Huenda wengine wataona haya. Mimi nami naona haya nikisoma aliyoyaeleza Tippu Tip kwa utulivu ule. Wageni wenu ni watu wazima. Na habari za ndovu si za zamani tu: mwaka 2009 Tanzania ilihesabu ndovu 109,051, mwaka 2014 walibaki 43,330. Waliouawa miaka hiyo hawakuenda Connecticut, soko lilikuwa limehamia Asia, lakini mtu aliyesimama mbele ya kitufe cha piano cha 1890 anaweza kuelewa, bila kuhubiriwa, jinsi starehe ya sebule moja inavyofika mbali.

Sasa nawageukia wa nyumbani, ambao nimewapa nakala. Wenzetu wa Deep River si peke yao wenye kipande cha hadithi. Pale Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, lipo tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 mpaka alipoondoka tarehe 25 Agosti kwenda kwenye safari yake ya mwisho. Mgeni anayefika pale humkuta Livingstone na Stanley, naye huondoka akijua habari zao. Bagamoyo ipo Caravan Serai, mahali misafara ilipofikia. Shangani, Unguja, ipo nyumba ya Tippu Tip. Nawaomba ninyi pia mweke Deep River kwenye ramani zenu. Mwanafunzi wa Tabora ajue pembe zilizopita kwao ziliishia wapi, zilikuwa nini, na nani alikaa kwenye jua la nyumba za vioo akizigeuza. Picha moja ya vitufe kutoka Stone House, ikining'inizwa Kwihara, na picha moja ya tembe la Kwihara ikining'inizwa Stone House, ingetosha kuanzia. Wasimamizi wa pande zote mbili waandikiane. Barua za biashara zilivuka bahari hiyo miaka 180 iliyopita kwa matanga. Leo hamhitaji hata stempu.

Waheshimiwa wa Deep River, nimejaribu kuandika bila hasira, na sikuificha pale ilipokuwepo. Watu waliokufa Mgunda Mkali wakiwa na pembe begani hawakuandikwa popote kwa majina. Hatuwezi kuyapata majina hayo tena. Tunachoweza ni kusema walikuwa watu gani, walitoka wapi, walilipwa nini au hawakulipwa, na mzigo waliouweka chini uliendelea mpaka wapi. Nyumba ya mawe ya mwaka 1840 ni mahali pazuri pa kulisema hilo, pengine pazuri kuliko makumbusho yote makubwa ya Boston au New York, kwa kuwa mgeni akitoka nje ya mlango anaweza kukifikia kiwanda chenyewe na barabara ya William Winters kwa miguu yake.

Nitafurahi kualikwa kwenye kikao chenu chochote, siku yoyote mtakayopanga, nije na wenzangu wawili au watatu pamoja na rasimu ya maelezo ya Kiswahili. Rasimu hiyo iko tayari. Anwani yangu mnayo kwenye nakala ya posta.

Wenu katika kutunza yaliyopita,

Mzaliwa wa Tabora, mkazi wa Connecticut